Pistoni ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Klachi ya pikapu imekaa. Nimelala chini ya gari tangu asubuhi, mgongo unadai haki yake. Redio imekufa tena. Vumbi la Agosti linaingia hata kwenye chai.

Saa kumi Chacha kaja na gari lake jeupe, lile la milango miwili analoliosha kuliko anavyooga. Anataka nguvu. Injini ni ya petroli, silinda nne, lita mbili, inakwenda vizuri tu. Yeye anataka iongezewe nusu ya nguvu iliyonayo. Tarehe thelathini kuna mbio za kupanda kilima kule Busawe, upande wa Serengeti. Wapenzi wa magari wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya watakuwepo. Barabara ya changarawe, kona nyingi, na kwenye kona tatu za juu upande wa kushoto hakuna kitu. Hewa, halafu mawe.

Akasema, "Mwita, sijamwambia fundi mwingine. Wewe tu, mura."

Nikasema sawa.

Niliogopa, na bado nikasema sawa. Naandika hapa kwa sababu daftari halicheki. Kule Nyakunguru, kwenye karasha, nilizoea kuandika kila siku: saa za injini, oili, joto. Miaka kumi na minne nikihudumia dizeli zinazozungusha yale mapipa ya kusagia mawe ya dhahabu. Karasha niliiacha. Daftari limegoma kuachwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nieleze kwa nini sikusema hapana. Nijieleze mimi mwenyewe, maana tangu jana najiuliza.

Chacha ni shemeji yangu, kamwoa mdogo wangu Ghati. Lakini kabla ya ushemeji tulikuwa rika. Tulitahiriwa asubuhi moja, tumesimama bega kwa bega, baridi ya Desemba, wanaume wametuzunguka. Kwetu hata kope haitakiwi kucheza. Ukitikisika, jina la uoga utakuwa nalo mpaka unazikwa. Goti langu la kulia likaanza kutetemeka. Nilikuwa naliona, silimiliki tena. Chacha akalikandamiza bega lake kwenye bega langu, kwa nguvu. Goti likatulia. Hakuna aliyeona.

Miaka ishirini na tano imepita. Hajawahi kulitaja. Hata akiwa amelewa. Hata mwaka ule tulipogombana hadi tukashikana mashati.

Sasa mtu huyo unamwambiaje kwamba unaogopa? Ni yeye peke yake duniani anayejua mimi ni mwoga. Nikilitamka mbele yake, basi, limethibitika.

Alhamisi, 7 Agosti

Binamu yangu Josefu kavuka Sirari asubuhi na gunia kwenye bodaboda. Anaishi upande wa Kenya, anauza vipuri vya magari yaliyopata ajali. Akavimwaga mezani vitu viwili. Supachaja moja, turbo moja.

"Chagua, boss," akasema. "Zote ni fiti. Ile haitatumika nitarudisha kwa duka."

Nimevitazama tangu saa tatu. Vyote kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli inazidi, moto unazidi. Tofauti ni nani anayevizungusha. Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki ya injini yenyewe. Ni kama kibarua unayemlisha kutoka kwenye sahani yako: anakula nguvu kidogo, lakini ukimwita yupo. Ukikanyaga, hapohapo inasukuma. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka. Inakula makombo. Nguvu yake ni ya bure, na ni nyingi zaidi. Ila inachelewa. Unakanyaga, unasubiri, unasubiri, halafu inakuja yote kwa mpigo.

Nimefikiria ile nguvu ikija yote kwa mpigo katikati ya kona, juu ya changarawe, upande wa kushoto hewa.

Nimefunika turbo kwa gunia ili isinitazame.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu. Nimefungua gereji hata hivyo, nyumbani siwezi kukaa.

Ghati kaja na chungu cha kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, bado cha moto. Tumbo lake sasa linaonekana hata akivaa kitenge kipana. Mtoto wa kwanza, baada ya miaka sita ya kusemwa na ndugu wa mume. Akakaa kwenye tairi. Hakuuliza kuhusu supachaja wala turbo. Alitazama gari jeupe kama mke anavyomtazama mke mwenza.

"Kaka, sikuombi ashinde," akasema. "Naomba arudi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kwamba gari likipitia mikononi mwangu litakuwa salama. Nikaongeza na kicheko. Nilipenda jinsi uso wake ulivyolegea. Kisha nikala kichuri na sikusikia uchungu wala utamu wake.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimechagua. Supachaja.

Chacha alinuna. Anasema wote wanaokuja wana turbo. Anasema huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, na turbo inavumilia hewa nyepesi kuliko supachaja. Ni kweli, na sijui kaitoa wapi. Anataka ule mluzi wa turbo. Nikamjibu kifundi. Turbo inakuwa nyekundu kwa joto, inahitaji njia yake ya oili, inahitaji ekzosi mpya ya kuchomelea, na ekzosi ya kuchomelea hupasuka. Supachaja inahitaji bano la kuishikilia, mkanda ulionyooka na siku nne. Kwenye kona utajua nguvu yako iko wapi kila sekunde. Haitakushtukiza.

Akasikiliza. Akasema, "Wewe ndiye fundi."

Nilikuwa na sababu nzuri. Zote za kweli. Hakuna hata moja iliyonifanya nichague. Nilichagua kwa woga, nikauvalisha suti.

Leo nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Kitu kibaya zaidi nimekiondoa mezani. Josefu kaja kuchukua turbo yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Bano limekaa. Nililikata kwenye bamba la pipa la karasha lililochakaa, chuma ambacho kimesagiwa mawe miaka mitano hakiwezi kushindwa na mkanda. Mkanda umenyooka. Nimeupima kwa uzi mara tatu.

Nimewasha saa nane.

Jamani. Ule mlio. Kama mashine ya kusaga mahindi inayoimba ndani ya pua. Majirani walitoka nje. Chacha alinikumbatia na oili yangu yote, shati lake jeupe likaharibika, hakujali. Tulicheka kama vijana. Saa nzima sikuogopa kitu chochote. Naandika kwa sababu ni nadra.

Jumamosi, 16 Agosti

Ekzosi inatema moshi mweusi ukikanyaga sana. Plagi nimezifungua, nyeusi kama makaa. Na joto linapanda. Petroli inamwagika nyingi mno.

Josefu alileta kisanduku kidogo cha kuiambia kompyuta ya gari imwage petroli kiasi gani. Nimepunguza. Kidogo, nikajaribu. Kidogo tena. Moshi ukaisha. Mlio ukawa mkali, safi. Gari likawa jepesi. Nikapunguza kidogo tena ili lipoe vizuri.

Kazi ninayoijua hiyo. Moshi mweusi na joto, punguza mafuta. Nimefanya hivyo mara elfu.

Jumatano, 20 Agosti

Tumelijaribu barabara ya Nyanungu, kule kwenye mpando, ng'ombe wakiwa wameshapita. Chacha anaendesha, mimi kiti cha pembeni, mkanda umenikaba. Linakwenda. Mungu wangu, linakwenda. Nilishika dari.

Mara tatu, kwenye mpando, injini ikiwa imelemewa, nilisikia kitu. Mdundo mdogo mdogo, mkavu. Kama bisi zinazoanza kuruka chini ya mfuniko. Kisha ukanyamaza.

Nilimwuliza Chacha kama kasikia. Akasema ni kokoto zinapiga chini ya gari. Barabara ni ya kokoto. Ni jibu zuri.

Kokoto hazisubiri ukanyage ndipo zipige. Nililijua hilo nikiwa bado kwenye kiti. Nikasema, ndiyo, ni kokoto.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeitwa Nyakunguru. Karasha ya mzee mmoja niliyemfanyia kazi zamani inatoa moshi na kuchemka. Nimemwamkia shikamoo, kaniambia marahaba na nimenenepa, tukaenda kwenye injini. Dizeli ileile. Nilishika bisibisi, nikageuza skrubu ya pampu, robo mzunguko, mafuta yakapungua. Moshi ukaisha. Baada ya dakika chache joto likashuka. Mzee akafurahi.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya skrubu.

Ndipo nilipouona. Mkono. Mkono uleule, ukifanya kitu kilekile nilichokifanya kwenye gari la Chacha.

Dizeli ukiipunguzia mafuta inapoa. Petroli inayoshindiliwa hewa ni kinyume. Ile petroli ya ziada ndiyo inayopoza chumba cha moto. Ukiipunguza, moshi unaisha, mlio unakuwa safi, gari linakuwa jepesi, na ndani kunageuka tanuru. Moto unalipuka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni kama nyundo. Bisi. Zile ndizo bisi.

Hili nilisoma. Nalijua. Lakini mkono una miaka kumi na minne ya dizeli na haukuniuliza.

Mzee alinipa soda. Niliirudisha bila kuifungua. Nilimwambia nina homa.

Jumamosi, 23 Agosti

Plagi nimezitoa. Nne zote nyeupe kama majivu. Ya tatu ina vitone vidogo vinavyong'aa. Fedha fedha. Nilivimulika kwa tochi, nikavikwaruza kwa kucha.

Si fedha. Ni pistoni. Ni pistoni imeyeyuka ikarukia plagi.

Naogopa kufungua. Nikifungua nitajua.

Jumapili, 24 Agosti

Wote walikuwa ibadani. Nilisema tumbo linauma, jambo ambalo halikuwa uongo kamili. Nikafungua silinda hedi, kile kichwa kinachofunika pistoni.

Pistoni ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya nne ina alama. Ya tatu ukingo umeliwa, upande wa ekzosi, kipande cha upana wa kidole gumba. Kama panya kaila sabuni. Pete ya juu inaonekana kwa ndani. Bado inashika, kwa nyuzi tu.

Nimekaa chini. Nilikuwa naona picha moja, inajirudia. Kona ya pili ya juu, injini imelemewa, pistoni inapasuka, fimbo yake inatoboa ubavu wa injini, oili ya moto inamwagika mbele ya matairi ya nyuma. Kushoto hewa. Ghati kwenye tairi langu na lile tumbo.

Nikasikia watu wanatoka kanisani.

Nimefunga. Naandika ukweli: nimefunga. Gasketi mpya, hedi juu, boliti zote kwa mpangilio wake. Nimeongeza petroli pale nilipoipunguza na zaidi. Bisi hazitasikika tena. Lakini ukingo ulioliwa hauoti.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempigia Josefu. Nimesema nahitaji pistoni moja, nikataja kipimo.

"Hiyo ni ya kuagiza Nairobi, boss. Wiki mbili ukibahatika. Kwani ile gari imekufa?"

Nikasema hapana, ni ya mteja mwingine.

Siku tano zimebaki. Najihesabia. Mbio zenyewe ni dakika nne, tano. Dakika tano inaweza kushika. Kwenye karasha niliwahi kuona pistoni imepasuka na ikazungusha pipa siku mbili nzima. Inaweza kushika.

Hiyo ilikuwa dizeli. Tazama mkono unavyorudi palepale.

Jumanne, 26 Agosti

Chacha kalichukua gari. Wamelipandisha kwenye fuso linalokwenda Busawe, limefungwa kamba kama fahali. Vijana wa rika letu, vijana wenye vitambi sasa, walikuja kushangilia. Mmoja wao, Wambura, kaahidi mbuzi.

Kabla hajapanda akanitazama. "Iko sawa?"

"Iko sawa."

Maneno mawili. Nilipoyasema nilikuwa nafuta spana ambayo haikuwa chafu.

Jumatano, 27 Agosti

Ghati kanitumia ujumbe. Anasema tangu nilipomwambia ni salama, analala. Anasema mtoto anacheza sana. Anashukuru.

Nimeizima simu.

Alhamisi, 28 Agosti

Sijala. Nimevunja boliti ya mtu, boliti rahisi ambayo ningeifungua usingizini.

Nachukia kila kitu. Namchukia Chacha kwa bega lake. Nani alimwomba?

Ijumaa, 29 Agosti

Busawe. Nimekuja na basi hadi njia panda, kisha bodaboda. Kilima kinaonekana kutoka mbali. Mashamba ya mihogo chini, halafu ile barabara inapanda, nyekundu, kona juu ya kona. Nilipanda kwa miguu hadi kona ya pili ya juu. Nikachungulia kushoto. Nilirudi nikiwa nimeshika mawe ya upande wa kulia. Mtu mzima, fundi, nashika mawe.

Jioni mbuzi alichinjwa. Tulikaa rika zima, kumi na mmoja. Kikao cha rika kwetu hakifungwi mpaka mmoja wetu aulize kama kuna mwenye neno moyoni. Wambura aliuliza. Alizunguka na macho, mtu mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilikuwa na nyama mdomoni. Niliitafuna mpaka macho yake yakapita.

Chacha kanikatia ini. Ini la mbuzi aliyechinjiwa yeye, kipande kikubwa, mbele ya wote. "La fundi," akasema.

Nimelila.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la duka, Busawe, saa saba mchana. Mistari inapinda.

Gari la nne lilikuwa letu. Matatu yalikwisha kupanda, vumbi halijatulia. Chacha kofia kichwani, mikanda imemfunga kifuani, injini inaimba ule wimbo wa pua. Mlio mzuri. Hakuna bisi hata moja. Mtu yeyote angesema hilo ni gari zima. Rika letu wamejipanga pembeni wanapiga kelele. Aliyeshika bendera akaanza kuinua mkono.

Sikupanga. Nikajikuta mbele ya boneti, mikono miwili juu yake, chuma kinanichoma viganja.

Chacha akacheka akidhani ni baraka. Kisha akanipigia honi.

Nikaenda dirishani. Nikamwambia, "Zima."

"Mwita, toka barabarani."

"Zima, Chacha. Pistoni ya tatu imeliwa. Nimeiharibu mimi, nilipunguza petroli kama dizeli. Niliiona Jumapili nikafunga nikanyamaza."

Akaniangalia. Injini bado inaimba. "Kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu naogopa," nikasema.

Nilisema kwa sauti, maana injini ilikuwa na sauti. Wote walisikia. Kumi na mmoja wetu, na watu wa magari, na mama mmoja aliyekuwa anauza karanga. Goti langu la kulia lilikuwa linatetemeka, suruali nzima inacheza, na safari hii hapakuwa na bega. Bega la Chacha lilikuwa ndani ya gari, limefungwa mikanda.

Akazima.

Alitoka polepole. Akavua kofia, akanipa mimi niishike, kama vile mimi ni msumari ukutani. Akanipita. Akaenda kukaa kwenye kivuli cha fuso, mgongo kwetu.

Wambura alitema mate. "Fundi wa karasha," akasema. "Jana nilikuuliza. Ulikuwa unakula."

Ni kweli. Nilikuwa nakula.

Gari la tano likapita. Likafika juu salama. Watu wakashangilia.

Jumapili, 31 Agosti

Nimerudi Tarime. Hakuna aliyenipigia. Kwenye kijiwe cha kahawa waliponiona walibadilisha mazungumzo. Wengine wanasema nilimhujumu. Wengine wanasema hakuna pistoni iliyoliwa, ni mimi nilishikwa na woga wangu.

Sikulala vibaya, ajabu. Naona aibu mpaka kwenye meno. Lakini ile picha ya kona haijarudi.

Jumanne, 2 Septemba

Ghati kaja. Sikuweza kumtazama. Niliendelea kufungua tairi ambalo tayari lilikuwa wazi.

"Uliniambia ni salama," akasema.

"Ndiyo."

"Nililala wiki tatu kwa maneno yako, kaka."

Akaweka chungu mezani, akaondoka. Kilikuwa kitupu. Kile cha kichuri nilichokuwa sijamrudishia. Alikipitia nyumbani kwangu akakileta anionyeshe, au alikuwa anakwenda nacho kwake akakisahau hapa. Sijui. Nimekiosha upya na kukiweka juu ya kabati.

Jumatano, 3 Septemba

Fuso limeleta gari. Chacha kaja baadaye, kwa miguu. Hakusalimu. Akasema, "Fungua nione."

Nimefungua mbele yake. Saa tatu nzima, yeye kasimama, mimi boliti baada ya boliti. Niliogopa kitu kipya: kwamba labda niliona vibaya Jumapili ile. Kwamba pistoni ni nzima na mimi nimemwaibisha bure mbele ya rika. Hedi ilipoinuka nilifumba macho. Mtu wa miaka arobaini na mmoja.

Akainama. Akatia kidole kwenye ya tatu, pale ukingoni palipoliwa. Kidole kikakaa pale kama pamechongwa kwa ajili yake. Akakizungusha taratibu. Kipande kidogo kikatoka, chenyewe, kikabaki kwenye kucha yake.

Akakitazama kwenye mwanga.

"Ingefika juu?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Labda ingefika. Ukweli ni huo, sitajua kamwe, na yeye hatajua. Nilitamani kumwambia isingefika. Ingenisaidia sana. Lakini nimechoka kumwambia vitu.

Akafunga kile kipande kwenye leso, akaenda zake.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua ndogo asubuhi, ya kwanza. Vumbi limelala. Nimemaliza klachi ya pikapu nyingine, ni ugonjwa wa pikapu hizi.

Saa tisa Chacha kaja. Kaleta karanga za kukaanga kwenye gazeti. Tumekaa kwenye matairi, tukala, maganda yanaanguka kwenye oili. Hedi bado iko wazi, nimeifunika kitambaa.

Karanga zilipofika nusu akasema, bila kunitazama, "Lile bega."

Miaka ishirini na tano.

"Unadhani nilikuwa nakushikilia wewe?" akasema. "Mura, mimi nilikuwa naanguka."

Akachukua karanga nyingine. Mimi nilikuwa nimeshika ganda, silifungui. Nikatazama goti langu. Lilikuwa limetulia tu, goti la mtu mzima lenye grisi.

Akauliza kama pistoni mpya ikija tutarudisha supachaja, au tujaribu turbo safari hii. Nikamwambia naogopa zote mbili.

"Na mimi," akasema. "Basi anza na ile inayokutisha kidogo."

Nimemwambia Ghati aje apitie chungu chake. Kasema atakuja Jumatatu.